Namna ya kujua kama vuguvugu la wananchi bado ni lenu au vigogo wa chama wameshalibeba

Wakuu, kama mna kikundi chenu cha mtaa na mnaona watia nia wameanza kuhudhuria misiba ya watu wasiowajua na kukaa viti vya mbele, kabla hujaendelea kusoma ulizia kwanza daftari la wanachama liko kwa nani. Mpigie mwenye nalo, muulize liko wapi sasa hivi. Akikujibu "lipo tu, kuna kijana alipita jana akaliangalia" basi jua mmeshachelewa kidogo, ila bado mnaweza kuwahi.

Naanza na daftari kwa sababu sisi tulichukuliwa kwa daftari.

Huku kwetu Tabata tulikuwa kikundi cha watu 61, na kilianza kwa ajili ya mtaro, si siasa. Kila masika maji yalikuwa yanaingia kwenye zile nyumba za bondeni, magodoro yanaanikwa juu ya mabati, watoto wanabebwa mgongoni kuvushwa, basi tukasema tuchange buku mbili mbili kwa mwezi tuwe na nguvu ya kwenda ofisi ya kata na barua yenye majina na sahihi. Mweka hazina alikuwa mama mmoja anauza vitumbua, mtu makini kutupita wote, na alikuwa na kauntabuku ya kwaya mbili ambayo kila mwanachama ana mstari wake, jina, namba ya simu, nyumba anayokaa, na tiki za michango kwa kalamu nyekundu. Lile daftari ndio lilikuwa kikundi chenyewe, hatukuwa na kitu kingine.

Akaja kijana asubuhi, mpambe wa mtia nia wa udiwani. Akatoa shikamoo vizuri, akanunua vitumbua vya elfu tano, akasema mama yangu, mheshimiwa amesikia habari zenu amefurahi mno, Jumapili anawaletea hema, viti na mchele, ila anataka ajue mko wangapi viti visije vikapungua, hebu nipige picha hilo daftari mara moja. Mama wa watu akaweka chini kijiko cha kugeuzia, akafuta mikono kwenye kanga, akafungua. Kurasa nne picha nne, hata dakika mbili hazikufika.

Wiki iliyofuata meseji zikaanza kuingia, zimeandikwa jina lako kabisa, "ndugu fulani, sisi wana mtaro tunasema ndiyo". Wengine wakapigiwa simu wakaulizwa kama wana kadi ya chama. Sasa fikiria kikundi kina watu wa vyama vitatu tofauti na wengine hawana chama kabisa, kila mtu akajua ameuzwa na kila mtu akajua nani kamuuza, wakamfuata yule mama pale pale kwenye karai la mafuta wakamsema mbele ya wateja. Alilia, na mimi nilikuwepo. Ndani ya mwezi mmoja tulibaki 23, na yule mtia nia baada ya kupitishwa hatukumwona tena mtaani kwetu hadi kampeni zinaisha.

Hakuna aliyetuambia tubadilishe msimamo. Hakuna hata aliyeuliza msimamo wetu ni upi. Walichotaka ni majina, na majina tukawapa.

Kwa nini nawapeleka mpaka Marekani

Kuna swali liliulizwa kwenye kijiwe cha kahawa, mzee mmoja akasema hivi wale wahafidhina wa Tea Party (yaani karamu ya chai), wapinga matumizi na madeni ya serikali waliokuwa wanaitikisa Marekani kipindi cha Obama, walikuwa wananchi kweli au walikuwa watu wa chama cha Republican wamevaa kofia nyingine? Kijiwe kikagawanyika katikati. Mimi habari zao nimezifuatilia kwa miaka, sio kwamba nakubaliana nao kila kitu, ila kwa mtu yeyote mwenye kikundi ule ni mfano mzuri kuliko yote kwa sababu mambo yao mengi yalifanyika hadharani na yameandikwa, pesa imetoka wapi, nani kasema nini, nani kageuka lini.

Kwa kifupi. Jina limetoka kwenye tukio la tarehe 16 Desemba 1773 ambapo watu wa Boston walimwaga baharini makasha 342 ya chai kupinga kodi ya Waingereza. Vuguvugu lenyewe likaja mwaka 2009. Oktoba 2008 Rais Bush, ambaye ni Republican, kumbuka hapo, alisaini mpango wa dola bilioni 700 kuokoa mabenki, halafu Februari 2009 Obama wa Democratic akasaini mwingine wa dola bilioni 787 wa kuchangamsha uchumi. Watu wa kawaida wa mrengo wa kulia walikuwa wameshachoka, Seattle mwanamke mmoja anaitwa Keli Carender alishaitisha maandamano tarehe 16 Februari, na siku tatu baadaye mtangazaji wa televisheni ya CNBC, Rick Santelli, akiwa laivu kwenye soko la biashara la Chicago akapandwa na hasira, akapinga serikali kuwalipia watu mikopo ya nyumba, akasema tufanye Tea Party ya Chicago. Tarehe 15 Aprili, siku ya mwisho ya kuwasilisha hesabu za kodi, watu wakatoka barabarani kwenye mamia ya miji.

Kwahiyo hasira ilikuwa ya kweli, na sehemu ya ile hasira ilikuwa inakilenga chama chao wenyewe, hilo watu wengi wanalisahau.

Lakini juu yao kulikuwa na kitu kingine. Kulikuwa na FreedomWorks, shirika lililoongozwa na Dick Armey ambaye kabla ya hapo alikuwa kiongozi wa Republican walio wengi ndani ya Baraza la Wawakilishi, mtu wa ndani kuliko wa ndani. Kulikuwa na Americans for Prosperity yenye pesa za kina Koch, matajiri wakubwa. Haya mashirika yalikuwepo miaka kadhaa kabla ya Santelli kufungua mdomo, yana ofisi, yana wanasheria, yana watu wa kufundisha wengine namna ya kuandaa mkutano, na moto ulipowaka yakafika na kuni.

Ndio maana yule mzee wa kijiweni hawezi kupata jibu la neno moja. Mwaka 2010 gazeti la Washington Post lilijaribu kuvitafuta vikundi vyote vya Tea Party kimoja kimoja kwa simu, likathibitisha 647, na karibu asilimia 70 ya hivyo walisema mwaka ule hawajashiriki kampeni yoyote ya uchaguzi. Yaani wakati televisheni inaonyesha mabasi na majukwaa na watu maarufu, kikundi chenyewe kilikuwa watu wachache wanakutana mgahawani au maktaba wanasoma Katiba yao. Chini lilikuwa la wananchi, juu lilikuwa na wenyewe. Na kikundi chako kinaweza kuwa hivyo hivyo leo bila wewe kujua, kwahiyo usiulize kama ni halisi au feki, uliza kitu kimoja kimoja nani anakiamua.

Pesa

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wanajidanganya sana wakisema sisi hatujachukua hela. Umechukua hema? Umechukua fulana? Jezi za timu ya mtaa? Hiyo ni hela.

Nchi yetu hii tulishawahi kuwa na neno zuri kabisa la hilo jambo, takrima. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu mgombea kuwakirimu watu kama ukarimu wa kawaida wa Kitanzania, mpaka mwaka 2006 Mahakama Kuu ikasema vifungu vile vinakwenda kinyume na Katiba, vikaondoka. Vimeondoka kwenye sheria, vichwani mwetu bado vipo, mtu analeta pilau anasema jamani kumkaribisha mtu chakula kuna ubaya gani. Ubaya upo, hamtathubutu kumzomea mtu ambaye sufuria lake bado liko kwenu.

Kwa wale wa Marekani angalia mambo mawili tu. Februari 2010 kulifanyika kongamano la Tea Party pale Nashville, tiketi dola 549, mgeni rasmi Sarah Palin, mgombea mwenza wa Republican wa 2008, ambaye iliripotiwa analipwa dola 100,000 kwa hotuba. Vikundi vya chini vililalamika sana, fundi bomba wa kijijini atatoa wapi dola 549, na wanasiasa kadhaa waliotangazwa kuzungumza wakajitoa. Halafu kulikuwa na Tea Party Express, yale mabasi yanazunguka nchi nzima na nyimbo, lile lilianzishwa na kamati ya siasa iliyokuwa inasimamiwa na mshauri wa siku nyingi wa wagombea wa Republican, Sal Russo, na hesabu walizowasilisha serikalini zilionyesha malipo makubwa yakienda kwenye kampuni yake mwenyewe. Sheria haikatazi. Lakini bibi aliyetuma dola 20 kwa uchungu wa nchi yake alidhani anachangia vuguvugu, kumbe nyingine inalipa ofisi ya mshauri. Na Armey mwenyewe alipoondoka FreedomWorks mwaka 2012 aliondoka na makubaliano ya kulipwa dola milioni 8.

Sasa nyie fanyeni hivi. Wekeni ukomo wa mchango, kwamba hakuna mtu mmoja anayeruhusiwa kutoa zaidi ya kiasi fulani kwa mwaka, sisi tumeweka elfu hamsini, na vitu vinahesabiwa kwa thamani ya sokoni, mfuko wa sementi ni hela, viti vya kukodi ni hela. Laini ya simu ya kikundi isajiliwe kwa jina la kikundi, sio ya mwenyekiti, na kama mna akaunti benki watia sahihi wawe watatu ambao hawatoki nyumba moja wala chama kimoja. Mapato na matumizi yasomwe kila kikao kwa sauti, hata kama yaliyoingia ni elfu nane. Najua inachosha, watu wanaangalia simu wakati mama anasoma, ila siku ikiingia laki tatu ambayo haina jina kila mtu atainua kichwa.

Na hili la mikopo ya asilimia 10 nalisema kwa herufi kubwa moyoni. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hiyo ni sheria. Kikundi chako kikipata msimpigie makofi mwanasiasa yeyote kana kwamba katoa mfukoni kwake, msimwalike akabidhi hundi ya karatasi kubwa apigwe picha, nendeni ofisini kwa afisa maendeleo ya jamii mfuate utaratibu, mchukue, mrejeshe kwa wakati. Kikundi chenye deni lililochelewa ndicho kinachoitwa kwenye mkutano wa hadhara kujaza viti na hakiwezi kukataa.

Orodha

Orodha ina thamani kuliko hela kwa sababu hela ikiisha imeisha ila namba ya simu inatumika miaka mitano. Daftari likae kwa mtu mmoja, nakala moja kwa mtu wa pili asiyeelewana sana na wa kwanza (nasema kwa nia njema kabisa), na hakuna kupiga picha. Mtu wa nje akitaka kujua mko wangapi mpe idadi. Idadi haina namba za simu.

Grupu la WhatsApp nalo ni orodha, watu wanasahau. Mtu yeyote ukimuingiza siku moja tu anaziona namba zote, akitoka ameshaondoka nazo. Kwahiyo hakuna kuingizana na linki ovyo, maadmini wawe wawili watatu, na admini akichukua fomu ya kugombea anashushwa uadmini siku hiyo hiyo, sio kwa ubaya, ndio utaratibu. Nimeona grupu la mtaa wa pili jina limebadilishwa saa nne usiku, watu wameamka asubuhi wako kwenye grupu lenye picha ya mgombea.

Nani anashika kipaza sauti

Mwaka 2010 kabla hata ya uchaguzi, Trent Lott, aliyewahi kuwa kiongozi wa Republican kwenye Seneti na baadaye akawa mtu wa ushawishi kule Washington, alimwambia mwandishi wa habari wazi kabisa kwamba hawa wapya wakishafika tu inabidi tuwameze, wawe wa kwetu. Hakuficha. Na mwaka huo huo, Julai, mbunge Michele Bachmann akaanzisha kundi la Tea Party ndani ya bunge lao, yaani vuguvugu la watu wa nje likapata ofisi ndani. Marco Rubio ambaye alichaguliwa kwa nguvu ya hao hao watu alipoingia Seneti alikataa kujiunga na kundi la aina hiyo, hoja yake ikiwa wanasiasa wakilibeba jina basi jambo litahama kutoka mitaani kwenda Washington. Unaweza usimpende Rubio kwa mengine yote lakini pale aliona kitu.

Mfano mwingine unaouma ni Rand Paul. Mei 2010 Kentucky, kwenye mchujo wa Republican wa kiti cha Seneti, Mitch McConnell, kigogo wa chama Seneti, alikuwa na mtu wake, watu wa chini wakamkataa wakampa Paul. Ushindi mkubwa. Mwaka 2014 McConnell mwenyewe anagombea tena, watu wa Tea Party wamemsimamishia mpinzani, na Rand Paul anamuunga mkono nani? McConnell. Simlaumu kwa chuki, ukishakaa ndani unahitaji kamati, unahitaji kura za wenzako, unahitaji simu zako zipokelewe. Ila watu waliompeleka walitakiwa kujua mapema kwamba kazi ya kumpeleka mtu na kazi ya kumsimamia ni mbili tofauti, na wengi walimaliza ya kwanza wakaenda kulala.

Kwahiyo kwenye kikundi chenu msemaji abadilike. Sisi ni miezi minne minne. Anayeongea na waandishi au na diwani anaongea yale yaliyoandikwa kwenye muhtasari wa kikao tu, akiongeza lake anasema hili ni langu. Na akiitwa ofisini na mkubwa yeyote haendi peke yake, wanaenda wawili, wakirudi wanaeleza kikao kizima walichoambiwa na walichopewa, hata kama ni soda. Machawa wengi hawajaanza kwa njaa, wameanza kwa kuitwa peke yao kwenye kiyoyozi na kuambiwa wewe ndio mtu tunayekuelewa.

Mlango wa kugombea

Hapa sisi na wao tuko tofauti kabisa na usichukue mbinu zao kichwa kichwa. Kule kura ya mchujo wanapiga wananchi wa kawaida, ndio maana Juni 2014 Eric Cantor, namba mbili wa Republican kwenye Baraza la Wawakilishi, aliangushwa jimboni kwake Virginia na mwalimu wa chuo, David Brat, ambaye alikuwa na pesa kidogo sana ukilinganisha na mamilioni ya Cantor. Mlango uko wazi, watu wa chini wanaingia kwa miguu yao.

Kwetu kura za maoni ni za wanachama wa chama, na ukiongoza bado vikao vya juu ndio vinateua, unaweza ukawa wa kwanza ukakatwa. Na ukikatwa huwezi kusimama peke yako kwa sababu Katiba inataka mgombea awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe nacho. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania hilo la mgombea binafsi kuanzia miaka ya tisini, akashinda Mahakama Kuu, akaja kushindwa Mahakama ya Rufani mwaka 2010, akaenda Mahakama ya Afrika pale Arusha na Juni 2013 ikampa haki. Amefariki 2015, na mlango mpaka leo umefungwa.

Maana yake kwa kikundi cha Dar ni kwamba siku mtu wenu anapotaka udiwani lazima apite mlango wa chama fulani, na mlango una bawabu. Msimkataze kugombea, ni haki yake. Ila aachie ngazi kwanza, kwa barua, kabla ya kuchukua fomu sio baada ya kupitishwa, na kikundi kisimchangie wala kisimpinge kama kikundi. Mwanachama mmoja mmoja afanye anavyotaka. Watu watakuja na ile hoja ya "lakini huyu ni wetu, tukimwacha tutakuwa wajinga", na kiukweli ni hoja ngumu, mimi imenisumbua. Jibu nililonalo ni kwamba akishinda akiwa hana deni nasi na sisi hatuna deni naye tunaweza kwenda ofisini kwake na barua ya mtaro kama tunavyokwenda kwa mwingine.

Halafu mjue uhuru una gharama. Delaware mwaka 2010, kwenye mchujo wa Republican wa kiti cha Seneti, watu wa Tea Party walimwangusha Mike Castle, mkongwe aliyekuwa anaonekana atashinda kiulaini, wakamweka Christine O'Donnell, na Novemba akapigwa vibaya na Chris Coons wa Democratic. Vigogo wakasema mnaona? Huo mfano mtaletewa sana mkikataa kufuata, sio huo wa Delaware lakini wa kufanana nao wa hapa hapa kata ya jirani. Na wakati mwingine vigogo watakuwa sahihi. Kikundi huru kinaruhusiwa kukosea, ila kosa liwe lenu, sio la kuagizwa.

Mtihani wenyewe

Ukitaka kipimo kimoja tu, achana na yote hapo juu, angalia kikundi kinafanya nini wakati mtu wa upande wao yuko madarakani. Kumpinga mpinzani wa chama unachokipenda hata chawa anaweza, tena analipwa.

Tea Party walisimama juu ya jambo la matumizi na madeni ya serikali. Sawa. Mwaka 2017 Trump anaingia ikulu, Republican wameshika Ikulu na mabunge yote mawili. Februari 2018 anasaini sheria ya kuachia ukomo wa matumizi, karibu dola bilioni 300 za ziada kwa miaka miwili. Mwaka wa fedha 2019, korona haijafika, upungufu wa bajeti unakaribia dola bilioni 984. Hivi unakumbuka umeona ile mikutano ya mamia ya miji kama ya Aprili 2009? Haikuwepo. Kulikuwa na mmoja mmoja, mbunge Justin Amash wa Michigan kwa mfano aliyeingia kwenye wimbi lile la 2010, yeye Julai 2019 akajitoa Republican, na uchaguzi wa 2020 hakugombea tena ubunge. Wengi walinyamaza, na wengine walishakuwa na hasira juu ya mambo mengine, uhamiaji, utamaduni, ambayo nayo walikuwa nayo tangu mwanzo. Kwahiyo sisemi wote walinunuliwa, si kweli. Ila yale mashirika ya juu yaliyowahi kukodi mabasi kwa ajili ya deni la dola za Obama hayakujaza barabara kwa ajili ya deni la dola za Trump, na hapo ndipo ninapomjibu mzee wa kijiweni: uhuru walikuwa nao kuelekea upande mmoja.

Kwahiyo kwenye kikundi chenu chukueni ajenda yenu, kwetu ni mtaro, tafuteni mara ya mwisho mliyoandika barua ya malalamiko, mwangalie iliandikwa kwa mtu wa chama gani. Kama barua zote zinakwenda upande mmoja na maji yanaingia ndani miaka yote, jibu mnalo.

Kama mmeshabebwa

Msitangaze vita. Sisi tulikaa tukaitisha kikao cha wale 23, tukamwomba radhi yule mama mbele ya watu, kwa sababu kosa halikuwa lake, hatukuwahi kumwambia daftari ni siri. Tukanunua kauntabuku mpya. Tukaenda kwa mtendaji na kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata na katiba ya kikundi na muhtasari, tukasajili kama kikundi cha kijamii, hiyo usiiruke, kikundi kisicho na karatasi kinabebwa na yeyote mwenye mhuri. Halafu tukapita nyumba kwa nyumba kwa wale waliotoka. Wengine walifunga mlango. Sasa hivi tuko 48.

Mwezi uliopita alikuja mtia nia mwingine, mstaarabu. Akapewa kiti cha plastiki kama wengine, akasikiliza ajenda ya mtaro mpaka mwisho, akapewa dakika tano mwishoni. Kijana wake akauliza jamani mko wangapi tuwaletee maji ya kunywa, mama wa vitumbua akajibu tuko 48 na maji tumekuja nayo, daftari amelikalia chini ya kanga.

Haya ndio maneno tuliyoandika ukurasa wa kwanza wa kauntabuku, kila mwanachama mpya anasomewa ndipo anasaini, nakilini kama yalivyo, penye mtaro muweke la kwenu:

"Kikundi hiki ni cha mtaro. Hatuchukui pesa wala kitu kinachozidi elfu hamsini kwa mtu mmoja kwa mwaka. Daftari hili halipigwi picha na halitoki kwenye kikao bila mweka hazina. Kiongozi anayetaka kugombea anaandika barua ya kuacha uongozi kabla ya kuchukua fomu. Anayeitwa na mkubwa haendi peke yake, na akirudi anaeleza yote. Barua ya mtaro inaandikwa kwa diwani aliyepo, wa chama chochote, kila tarehe moja ya Februari kabla ya masika."